Tunda la mlilana: wenzetu ng'ambo ya bahari wanalinywa, sisi mti wake tunaujua kwa mataruma (mbavu za chombo) na kuni tu

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Wadau wa pwani na wa bara, salaam.

Naleta mada ya mti ambao kila aliyewahi kupanda ngalawa ameupita mara nyingi bila kuuangalia vizuri. Ukitokea baharini kurudi nchi kavu, sehemu nyingi za mwambao wetu mti wa kwanza kukupokea si ule mkoko wenye mizizi ya kujipinda. Ni mlilana. Unasimama mbele kabisa kwenye ukingo, mahali ambapo bamvua (kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari) likijaa maji yanafika hadi kwenye matawi ya chini, na yakipwa unauona umesimama topeni, umezungukwa na mizizi minene iliyochomoza kwenda juu. Wataalamu wanauita Sonneratia alba. Baadhi ya sehemu wanauita mpira. Kenya uko Lamu, Mida, Gazi na Vanga. Tanzania Bara uko tangu Tanga hadi Mtwara, na Unguja waliopo Maruhubi na Chwaka wanaujua.

Mti huu unazaa tunda, na tunda hilo linalika.

Kwa wasiolijua: ni la kijani, la mviringo uliobanwa kidogo juu na chini, upana wake sentimita tatu na ushei hadi nne na nusu. Chini limekalia kitako kigumu chenye umbo la nyota, ncha sita hadi nane, na juu katikati limebakiwa na uzi mrefu mwembamba ambao ni mabaki ya ua. Ukilipasua ndani kuna nyama laini na mbegu ndogo nyingi, zinafika mia na zaidi. Ladha yake ni uchachu. Ua lake nalo ni la ajabu: linafunguka usiku, limejaa nyuzi nyeupe, wageni wake ni popo na nondo, na asubuhi nyuzi zimeshaanguka majini. Anayepita mchana na mtumbwi haoni kitu zaidi ya nyuzi nyeupe zinazoelea.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, mlilana uko ukoo mmoja na mkomamanga na mhina. Si methali, ni uainishaji wa mimea, wote watatu wamo kwenye familia ya Lythraceae. Mwenye komamanga nyumbani alitazame lile taji lake, halafu siku moja akashike tunda la mlilana atazame kile kitako cha nyota. Udugu anauona kwa macho.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Ndugu wa mti huu wako Sri Lanka, Maldives, Malaysia, Indonesia, Bangladesh. Kule watu wanachuma tunda, wanatengeneza kinywaji, sharubati, achari na mchuzi, na wengine wanapata riziki. Sisi bahari ni hiyo hiyo, na pepo za kusi na kaskazi ndizo zilizowaleta na kuwarudisha wafanyabiashara karne kwa karne. Lakini sijawahi kuliona tunda la mlilana sokoni, si Tanga, si Mombasa, si Darajani. Nataka tuujadili mti huu kwa upande wa tunda, kwa sababu tunda ni faida unayoweza kuichukua kila mwaka na mti ukabaki umesimama.

Karibuni.

---

Fundi Mkuku

Mkuu, umegusa kazi yangu. Nimekulia bandani kwa mzee wangu, tunaunda madau na mashua. Mlilana kwetu ni mataruma. Fundi hatafuti ubao wa kunyoosha, anakwenda mkokoni kutafuta tawi lililopinda lenyewe. Analipima kwa jicho, anajua hili litakaa kwenye tumbo la chombo, hili litakaa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Taruma lililopindwa na Mungu haliachii, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata pindo lote. Taruma ulilolikata pindo kwa msumeno linapasuka siku ya dhoruba.

Mti wenyewe ni mzito na unavumilia maji ya chumvi. Ubaya wake mmoja, una chumvi chumvi ndani, msumari wa chuma unaliwa na kutu mapema. Ndiyo maana wazee walikuwa wanapaka mafuta kila tundu la msumari kabla hawajapiga.

Na ile mizizi ya juu wavuvi wanaijua vizuri. Ukiikausha inakuwa nyepesi, inakatwa vipande na kufungwa kwenye nyavu kama maboya. Siku hizi watu wanatumia plastiki na vipande vya kandambili zilizookotwa ufukweni, lakini maboya ya asili ni hayo.

Tunda sijawahi kula. Tulikuwa tunarushiana tukiwa watoto.

---

Jikoni Kisiwani

Asalaam alaykum. Mimi mpishi, naomba kuuliza mambo ya jikoni moja kwa moja. Huo uchachu ni wa aina gani? Wa ndimu, wa ukwaju, au wa birimbi? Maana huku kila uchachu una mahali pake. Ndimu unaweka mwisho chakula kimeshaiva. Ukwaju unachemka na mchuzi. Birimbi unaweza kuanika juani ukaweka achari. Na wenzetu wanalilaje hasa, bichi au bivu?

---

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Wa alaykum salaam dada yangu. Swali zuri, na hapo lazima nitenganishe ndugu watatu, maana mtu akichanganya atakula asichokitarajia.

Wa kwanza ni huu wetu, alba, mti wa maji ya chumvi. Unaanzia pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska na kuendelea hadi visiwa vya Pasifiki. Ufilipino wanauita pagatpat. Tunda lake linalika, ni dogo na chachu, lakini kati ya hao watatu silo lenye jina kubwa.

Wa pili ni Sonneratia caseolaris, na huu kwetu haupo. Unapenda maji ya mto yaliyochanganyika kidogo tu na chumvi, unakaa kingo za mito inayokwenda taratibu. Ua lake lina wekundu, na tunda ni kubwa kuliko la mlilana. Sri Lanka wanaliita kirala, Malaysia berembang, Indonesia pidada au bogem, Maldives kulhlhavah. Likiwa bichi ni chachu. Likiiva linalainika na kutoa harufu nzito, na wengi walioonja wanasema linakaribia jibini.

Wa tatu ni Sonneratia apetala, keora wa Sundarbans, ule msitu mkubwa wa mikoko wa Bangladesh na India wenye eneo la kama kilomita za mraba 10,000. Tunda la keora ni dogo na kali kwa uchachu.

Sasa jikoni. Keora ndiyo jibu la swali lako la ukwaju. Kusini-magharibi mwa Bangladesh, upande wa Khulna na Satkhira, msimu ukifika keora inauzwa sokoni kwa kilo. Wanaichemsha na kuichuja mbegu, kisha wanapika mchuzi mwepesi wa uchachu pamoja na kamba wadogo au dengu. Nyingine inawekwa achari kwa pilipili, haradali na sukari. Yaani mpishi yeyote wa Pemba au Lamu akikabidhiwa keora hahitaji kufundishwa, atajua mwenyewe aipeleke kwenye sufuria gani.

Indonesia wao wamekwenda upande wa sharubati. Nyama ya bogem inatolewa, inachemshwa na maji, inachujwa, halafu inarudishwa motoni na sukari hadi inakuwa nzito, na inawekwa kwenye chupa. Eneo la Wonorejo, kwenye jiji la Surabaya, limejulikana kwa sharubati hiyo, na wanaotengeneza ni vikundi vya wakazi wa pale pale penye mikoko. Wanapika pia dodol, ambayo kwetu ni jamaa wa halua: nyama ya tunda, unga wa mchele wa kunata, tui na sukari, inakorogwa motoni mpaka mkono uchoke.

Kwa alba yetu mimi ningeanza na njia ya keora. Tunda ni dogo na mbegu ni nyingi, kwa hiyo kulimenya moja moja ni kazi bure. Lichemshe zima baada ya kung'oa kitako, lipondwe, lichujwe, upate maji ya uchachu ya kupikia.

---

Baharia Mstaafu

Hiki kirala mimi nimekinywa. Tulikuwa na meli ya mizigo, injini ikatukwamisha Sri Lanka muda mrefu, mabaharia tukapata nafasi ya kuzunguka upande wa kusini, Galle na Matara. Kwenye vibanda vya njiani wanauza kinywaji cha kirala mkono kwa mkono na madafu.

Nilimtazama mama mmoja akitengeneza. Tunda lazima liwe limeiva lenyewe, ukilibonyeza linaingia. Analigeuza, anang'oa ile nyota kwa kidole gumba, ganda analichana. Anatia nyama kwenye bakuli na maji kidogo, anaivuruga kwa mkono mpaka mbegu zinaachia, anachuja. Kinachobaki ni uji mwepesi wa rangi ya maziwa yaliyochujuka. Hapo anamimina tui la nazi na asali ya mnazi, chumvi kidole kimoja. Ukinywa unapata uchachu kwanza, halafu tui linautuliza, mwisho unabaki na harufu nzito puani. Wenzangu wa kutoka bara walikunja uso. Mimi mtu wa tui niliomba la pili.

Na nakubaliana na mleta mada. Kila kitu kilichokuwa kwenye kile kikombe pwani yetu tunacho: nazi, sukari ya mnazi kwa wanaogema, na ndugu wa tunda.

---

Kibiti Moja

Mimi ni mtu wa Rufiji, niseme ukweli wa huku. Delta yetu ina mikoko ya hekta kama 53,000, hakuna delta yenye mikoko mingi hivyo Afrika Mashariki nzima. Wanaoishi ndani yake si waharibifu kwa kupenda. Watu wanafyeka sehemu ya mikoko kwa ajili ya mpunga kwa sababu mpunga unaliwa na unauzwa, na mti uliosimama haumpi mtu ugali wa jioni. Zamani boriti zilikuwa zinapakiwa majahazini zinakwenda Uarabuni, Oman na Kuwait, watu walikuwa na kipato. Biashara ile ilifungwa, kilichokuja badala yake ni semina.

Sasa mnaniambia tunda. Nani ananunua? Mfanyabiashara wa Kariakoo atanunua tunda chachu lisilo na jina wakati ukwaju upo wa kumwaga?

Sipingi, nauliza kwa uchungu, maana tumeshaletewa miradi mingi ya ufugaji wa hiki na kile, wanapiga picha wanaondoka.

---

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Kibiti Moja, hoja yako ndiyo hoja ya msingi kuliko zote za uzi huu, nami sitaipaka rangi.

Siamini kwamba tunda la mlilana litachukua nafasi ya mpunga. Hata Bangladesh keora haijamtoa mtu kwenye mpunga. Ninachokisema ni kidogo kuliko hicho lakini ni cha kweli. Kaya ya mkokoni inaishi kwa vitu vingi vidogo: kaa, kamba, asali, chaza, kuni, ukindu. Tunda likiongezwa kwenye orodha hiyo, na likawa linachumwa na kina mama na vijana bila mtaji wa mashine, basi mlilana mmoja unapata mtetezi kila msimu. Kuni unazikata siku moja na mti umekwisha.

Kuhusu mnunuzi, ukwaju nao una watu waliozoea kuuuza. Kinywaji cha Indonesia hakikuanza Jakarta, kilianza kwa watu waliokaa karibu na mti kukiuza kwa wageni waliokuja kuangalia mikoko. Kwetu wageni wa namna hiyo wapo. Gazi kina mama wana njia ya mbao ndani ya mikoko, wageni wanalipa kutembea juu yake na wanapikiwa chakula. Chupa ya sharubati iliyotoka kwenye mti wanaoutazama ingekuwa na mahali pa kuanzia pale pale.

Na usisahau upande wa Malaysia. Kampung Kuantan, karibu na Kuala Selangor, watalii wanapanda mtumbwi usiku si kwa ajili ya kula tunda la berembang, bali kuona vimulimuli wanaokusanyika kwenye miti hiyo ukingoni mwa mto. Wanawaka na kuzima kwa pamoja, mti mzima. Wenye mitumbwi wanalipwa. Mtu akikata berembang pale anagombana na kijiji kizima, kwa sababu kila mmoja ana shilingi yake juu ya ule mti. Hicho ndicho ninachokitamani kwa mlilana, idadi ya watu wenye sababu zao wenyewe za kuutaka ubaki.

---

Mpanda Mikoko wa Kusini

Salamu kutoka Kwale. Mimi niko kwenye kikundi cha upandaji, eneo hili ndilo lenye mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi ulioanza kuuza hewa ya ukaa (kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa hiyo) 2013 kwa hekta 117, na baadaye Vanga nao wakafuata 2019. Nataka kusema jambo ambalo wapandaji wengi wanalikwepa.

Mkoko, ule wa mizizi ya kujipinda, ni rahisi kupanda. Ile mbegu ndefu imeshaota ikiwa bado mtini, unaiokota, unaichoma topeni, umemaliza. Kwa sababu hiyo, kila mgeni akija na mradi anataka mkoko, na anataka upandwe mahali palipo wazi ili upigwe picha vizuri. Mahali palipo wazi ni ukingo wa mbele, panapopigwa na mawimbi. Pale si pa mkoko, pale ni pa mlilana na mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko. Ufilipino walipanda mikoko ya aina hiyo kwa miaka mingi kwenye fukwe za mbele ambazo kwa asili ni za pagatpat na mchu, na sehemu kubwa ikafa. Kwetu pia nimeona vijiti vimesimama mistari mizuri, na baada ya kusi moja havipo.

Mlilana una kazi yake. Mbegu ni ndogo, haioti mtini, ukiichoma topeni tu inachukuliwa na maji. Inabidi uwe na kitalu. Na ukifanikiwa bado kuna adui: huku Gazi miti ya mlilana inatobolewa na wadudu wa mbao, nondo mmoja na mbawakawa mwenye papasi ndefu, viwavi wao wanakula ndani ya tawi hadi linakauka. Ukitembea mkokoni utaona matawi makavu ya kijivu juu na kijani chini. Miti mingine inachipua tena, mingine inakwisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa mleta mada: ukihamasisha watu wachume tunda, hamasisha na waoteshe mbegu. Tunda likichujwa jikoni, mbegu zile zinatupwa. Zisitupwe.

---

Tiba Asilia

Nimesoma kwamba tunda hili linatibu kisukari na presha. Kama ni kweli basi soko limeshapatikana, tupeni namba za wauzaji.

---

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Hapana ndugu yangu, hilo nalikataa mapema kabla uzi haujageuka duka la dawa. Watafiti wa Bangladesh wamechunguza keora maabara na kwa wanyama wa majaribio, ikiwemo kwa upande wa sukari ya damu. Hiyo ni hatua ya kwanza ya utafiti na haimruhusu mtu kuacha vidonge vyake. Isitoshe keora si mlilana. Tunda hili ni chakula, tuliongelee kama chakula. Mwenye kisukari hasa ajue kwamba sharubati yake ina sukari nyingi ya dukani.

---

Jikoni Kisiwani

Nashukuru kwa maelezo, nimeelewa. Swali jingine, na hili la usalama. Mkokoni kuna matunda mengi. Kuna lile likubwa la mviringo la mkomafi, kuna la msikundazi, kuna zile mbegu ndefu za mkoko na za muia. Watoto wakisikia tunda la mkokoni linaliwa, wataokota lolote.

---

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Hili liandikwe kwa herufi kubwa. Ninalolizungumza ni tunda la mlilana peke yake: kitako cha nyota chini, uzi mrefu juu, ndani mbegu ndogo nyingi. Vitu vyote vitatu viwepo kwenye tunda moja. Kisichokuwa navyo kiacheni.

Tunda la mkomafi ni kubwa, ndani limepangwa mbegu zenye pembe pembe zinazobanana, ni chungu, na matumizi yake kwa wazee ni ya dawa. Si chakula. Zile ndefu za jamii ya muia kuna watu wanakula, kaskazini mwa Maldives wanapika aina mojawapo waiitayo kandoo, na Papua ya Indonesia pia wanakula za muia. Lakini kabla ya kuliwa zinamenywa, zinachemshwa na maji yanamwagwa mara kadhaa ili kuondoa uchungu. Ni ujuzi wa vizazi. Asiyefundishwa asijaribu kwa kusoma mtandaoni.

Na mahali pa kuchuma pia panahesabika. Mlilana unakaa mdomoni mwa vijito, na vijito vya mijini vinabeba majitaka na mabaki ya viwanda. Anayekaa Dar asichume kwenye mdomo wa Msimbazi. Tope la pale linapokea uchafu wa jiji, na mti unakula kwenye tope hilo hilo.

---

Mwanasheria wa Kijiji

Naongezea la sheria kwa ufupi. Tanzania Bara mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali, msimamizi ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kenya mikoko ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932 na sasa iko chini ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya). Kuokota tunda la kuonja hakuna atakayekusumbua, lakini kikundi kikitaka kuvuna kwa biashara kipitie kwenye usimamizi shirikishi wa kijiji au jumuiya ya watumiaji wa msitu, tunda liandikwe kwenye mpango wa matumizi. Msipofanya hivyo, siku biashara ikishika atakuja mtu wa mbali na kibali, na nyinyi mtaambiwa ni wavamizi.

---

Kibiti Moja

Hilo la mwisho limenigusa. Huku limetutokea kwa vitu vingine.

Basi nipeni la kufanya. Mpanda Mikoko, kitalu cha mlilana kinafanywaje? Maana mkoko tunaujua, huu hatujawahi.

---

Mpanda Mikoko wa Kusini

Kaka, chukua matunda yaliyoiva, yale yanayoanguka yenyewe au yanayoachia ukiyagusa. Usipande mtini kuangua mabichi, mbegu zake hazijakomaa. Yatie kwenye ndoo ya maji, yaache siku kadhaa nyama ioze na kulainika, halafu yavuruge kwa mkono. Nyama inatoka, mbegu unazikusanya kwenye chujio. Usizikaushe juani kama mbegu za mchicha, ziende kitaluni zikiwa bado mbichi.

Kitalu kiwe mahali ambapo maji ya bahari yanafika wakati wa kujaa lakini hayapigi kwa nguvu. Tandaza tope laini, mwaga mbegu juu, funika kwa tope jembamba sana. Jua zinalitaka, usiziwekee kivuli kizito. Kaa wanapenda miche michanga, zungushia wavu mzuri wa matundu madogo. Ikishatoa majani ya kutosha hamishia kwenye viriba, na ikipata nguvu ndiyo uipeleke ukingoni. Panda nyuma kidogo ya miti ya mlilana iliyopo, mahali ambapo unaona miche mingine ya mlilana imeota yenyewe. Mti wenyewe umeshakuonyesha panapofaa.

Kama kitalu kinakushinda, zunguka chini ya miti mikubwa, miche inayoota kwa wingi pamoja unaweza kuipunguza na kuihamisha pamoja na bonge la tope lake.

---

Fundi Mkuku

Mimi nitasema kwa niaba ya mafundi. Mataruma tutaendelea kuyahitaji, mashua hazijaisha. Lakini tunahitaji matawi yaliyopinda, hatuhitaji mti mzima. Fundi anayejua kazi anakata tawi moja anaacha shina. Wanaomaliza miti ni wa kuni za tanuri la chokaa na wa mkaa. Kikundi cha tunda na mafundi wanaweza kukaa meza moja.

---

Mkaa Mwambao (mleta mada)

Nashukuru sana fundi, na nashukuru wote.

Wadau, kabla hatujaenda mbali tunahitaji jambo ambalo hakuna kitabu cha Bangladesh kitakachotuambia: tunda la mlilana wa kwetu likoje. Kwa hiyo naomba yeyote aliye karibu na mti, bamvua linalokuja maji yakishapwa, akatafute tunda lililoiva na aandike hapa. Taja eneo kwa jumla, Pangani, Kilwa, Chole, Micheweni, Vanga, popote. Mti uko kwenye maji ya bahari tupu au karibu na mdomo wa mto? Tunda lilikuwa la rangi gani, lilibonyea au lilikuwa gumu? Uchachu ulikuwa mtupu au kulikuwa na chumvi na ukakasi ndani yake? Na miti yenye matunda ilikuwa mingi au ni mmoja mmoja? Mwezi uandikwe, ili tukijumlisha tujue msimu wa kila sehemu.

Mbegu msiteme ovyo, mmemsikia wa Kwale.

---

Jikoni Kisiwani

Mimi nitamtuma kijana Micheweni. Nikiyapata nachemsha nusu kwa mchuzi wa kamba wadogo na nusu naweka na pilipili mbuzi kwenye chupa. Nitaandika uchachu wake pembeni ya ukwaju na birimbi, kijiko kwa kijiko.